Kukubali Kuondoka kwa Maduka Tuliyoyazoea: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha

Mkazi wa Arusha mwenye umri wa kuwa na mtoto wa sekondari anaweza kutaja, bila kufikiri sana, biashara kadhaa ambazo alidhani zingekuwapo maadamu mji upo: studio alikopigwa picha ya kipaimara, duka la kanda za muziki, mgahawa wa intaneti alikofungulia barua pepe yake ya kwanza, banda la fundi redio, duka la vitabu lililojaa wazazi kila Januari, na duka la Mangi wa mtaani aliyemjua kwa jina la mama yake. Nyingi ya hizo hazipo tena. Mahali pake pana wakala wa fedha, saluni, duka la vifaa vya simu, au mlango wa chuma uliobandikwa karatasi ya kutangaza kwamba fremu inapangishwa. Mwongozo huu unahusu namna ya kulipokea jambo hilo bila kujidanganya na bila kuumia kupita kiasi. Unamhusu pia mwenye duka, kwa sababu anayefunga mlango ana kazi kubwa kuliko yule anayekuta umefungwa.

Habari ya duka kufungwa inapofika, wengi wetu husema "ndiyo maisha" na kuendelea na safari. Kauli hiyo haina ubaya ikitamkwa mwishoni, baada ya mtu kulitazama jambo lenyewe. Ikitamkwa mwanzoni huwa ni njia ya kukwepa. Kukubali kunakodumu hutanguliwa na maswali matatu: nimepoteza nini hasa, kimeondoka kwa sababu gani, na kuna kipi ambacho bado kinaweza kuokolewa. Anayeruka swali la pili huweza kukubali jambo ambalo alipaswa kulipinga.

Tambua hasa ulichopoteza

Chukua karatasi uandike jina la biashara moja tu ambayo kuondoka kwake kunakusumbua. Chini yake andika ulichokuwa ukinunua pale, nani alikuhudumia, ulikuwa ukienda nyakati zipi, na mara ya mwisho ulipoingia ukiwa na fedha ya kununua ilikuwa lini. Swali hilo la mwisho lina makali yake, na watu wengi watagundua kwamba duka wanalolilia walikuwa wameshaliacha wao wenyewe miaka mingi kabla halijafungwa. Usilichukue kama hukumu. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba unachokililia huenda si duka bali ni ule umri uliokuwa nao ulipokuwa ukiingia humo, na huzuni ya umri haitibiwi kwa kumlaumu mwenye fremu.

Biashara iliyozoeleka hubeba mambo manne kwa pamoja: huduma, mtu, mahali na desturi. Kila moja huondoka kwa namna yake, na mara nyingi hayaondoki yote siku moja. Tuchukue studio ya picha. Huduma yake ilikuwa kupiga, kusafisha mkanda na kuchapa picha, na huduma hiyo imehamia kwenye simu kiasi kwamba hata kampuni ya Kodak, iliyouza mikanda dunia nzima, ilikimbilia mahakamani mwezi Januari 2012 kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kwa upande wa huduma, basi, hakuna cha kulilia, kwa sababu picha tunazopiga leo kwa wiki moja ni nyingi kuliko zile ambazo babu zetu walipigwa maisha yao yote. Lakini studio ilikuwa pia na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kitana kilichofungwa kwa kamba kando ya kioo ili kisiibwe, koti jeusi la kuazima kwa ajili ya picha za pasipoti ambalo lilimtosha kila mtu na halikumkaa vizuri yeyote, na mpigapicha aliyempiga mama akiwa msichana, akampiga siku ya harusi, kisha akawapiga watoto. Mtu huyo hakuhamia kwenye simu. Zaidi ya hayo, katika maboksi ya viatu nyuma ya chumba cha giza kuna mikanda iliyosafishwa, nayo ni kumbukumbu ya mtaa mzima. Hii ndiyo sehemu ambayo bado inaweza kuokolewa, na nitairudia.

Duka la Mangi ni habari nyingine. Wengi hudhani wamepoteza mahali pa kununua sukari ya kupima, ilhali sukari inapatikana kila kona. Kilichopotea ni daftari: lile lenye jalada lililokunjamana, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu "nyumba ya kona, sukari nusu, mafuta ya taa, kiberiti", ambalo lilivusha familia kutoka tarehe ishirini hadi siku ya mshahara bila riba na bila mdhamini. Duka kubwa la kisasa halina daftari hilo, na mikopo ya simu, ambayo wengi wameikimbilia kuwa mbadala, ina makato na muda mfupi wa kurejesha. Kwa hiyo anayefungiwa duka la namna hii asijifariji kwa hisia. Anahitaji mpango wa fedha. Ajiunge na kikundi cha kuweka na kukopa katika mtaa wake, au aanze kutenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya siku zile kumi za ukavu, au azungumze mapema na muuzaji mwingine, kabla ya kuishiwa, kwa maana mkopo huombwa vizuri na mtu ambaye amekwisha kununua kwa taslimu mara kadhaa.

Katika hatua hii pia jihadhari na kumbukumbu inayochagua. Wapo wanaoyasifu maduka ya zamani kana kwamba yalikuwa yamejaa, wakati wazazi wetu wanaikumbuka vizuri foleni ya sabuni na sukari kwenye maduka ya RTC, yaani kampuni za serikali za biashara za mikoa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako mtu aliweza kusimama asubuhi nzima na kurudi mikono mitupu. Binafsi sioni haja ya kuomboleza kila kitu. Sijapata kukutana na mtu anayetamani kurudi kupanga foleni ya kupiga simu ya masafa.

Ijue sababu kabla ya kukubali

Katika mji huu biashara hazifi kwa sababu moja. Zipo zinazouawa na teknolojia, kama mgahawa wa intaneti na duka la kanda. Hizo hazirudi, na kuzisubiri ni kupoteza muda. Zipo zinazofungwa kwa sababu mwenyewe amezeeka na watoto aliowasomesha kwa faida ya duka hilo hilo wamekuwa wahasibu Dar es Salaam na hawataki kuuza misumari. Kufungwa kwa namna hii mara nyingi ni mafanikio ya familia, na inafaa kumpongeza mzee badala ya kumpa pole. Zipo zinazoshindwa na kodi ya fremu au na kilemba anachotakiwa kutoa mpangaji ili aachiwe mahali penye wateja. Na zipo zinazoondolewa na sheria au na mabadiliko makubwa ambayo mwenye duka hana sauti ndani yake.

Historia ya Arusha imejaa mabadiliko ya aina hii ya mwisho, na kuijua kunapunguza ile hisia kwamba kizazi chetu peke yake ndicho kilichoonewa. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na ndani ya siku chache mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ambayo iliyaweka majengo mengi ya katikati ya miji yetu chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zenye asili ya Kiasia zilizoishi ghorofani na kuuza chini zilifunga na kuondoka nchini katika miaka hiyo. Ukitembea katika mitaa ya zamani kuanzia Mnara wa Saa kuelekea Soko Kuu, usiishie kutazama mabango ya sasa. Inua macho juu yake, kwa maana baadhi ya majengo bado yana mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe vilivyofinyangwa kwa saruji. Duka ambalo wewe uliliita la zamani lilikuwa jipya kwa mtu mwingine aliyekuwa akilililia lililotangulia.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa taasisi za kimataifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, yenye makao yake hapa, ilivunjika mwaka 1977, na majengo yaliyokusudiwa kwa ajili yake yakawa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1990 majengo hayo yakaipokea Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mji ukapata wapangaji wa nyumba za Njiro na Kijenge, migahawa iliyojaa mchana, madereva, wakalimani na maduka ya kuwauzia wote hao. Mahakama hiyo ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Hakuna aliyeshangazwa na tarehe yenyewe, kwa sababu mahakama ya namna hiyo huundwa ikijulikana kwamba itamaliza kazi, lakini biashara nyingi ziliendeshwa kana kwamba ingekaa milele. Miaka michache baadaye mambo yakajirudia kwa njia nyingine: watalii walioingia nchini walikuwa takribani milioni 1.5 mwaka 2019, na mwaka 2020, kwa sababu ya Uviko, walikuwa kama 620,000 tu. Maduka ya vinyago na migahawa iliyowategemea ilifunga ikiwa na bidhaa ndani.

Yapo yanayorudi. Jumuiya yenyewe ilifufuliwa kwa mkataba uliosainiwa hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na treni ya abiria, ambayo reli yake ilifika Arusha mwaka 1929, ilirejea Oktoba 2020 baada ya takribani miaka thelathini ya ukimya. Hata hivyo, ukipanda treni hiyo leo humkuti tena yule mama aliyeuza chai stesheni zamani. Kitu kinaporudi hurudi kwa ajili ya watu wa wakati huo, na anayekisubiri kama kilivyokuwa atakikosa hata siku kitakapofika.

Sasa kuhusu kukubali jambo ambalo halipaswi kukubaliwa. Barabara zinapopanuliwa, vibanda na maduka huwekewa alama ya X. Mkazi wa hapa anajua kwamba X nyekundu ni ya aliye ndani ya hifadhi ya barabara asiyestahili fidia, na kwamba X ya kijani ni ya anayestahili kulipwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na wapo waliokuwa nje ya mpaka wa zamani wakajikuta ndani ya mpaka mpya. Kwa hiyo mwenye duka asiridhike na rangi aliyopakwa ukutani. Atafute hati zake, aulize lini jengo lilijengwa na mpaka ulikuwa wapi siku hiyo, na aende ofisi ya mtaa, ya kata na ya halmashauri akiwa na maandishi, si maneno. Vivyo hivyo, ikiwa duka linalofungwa linakufa kwa kukosa wateja na wewe unaishi hatua chache kutoka hapo, bado hujafika hatua ya kukubali, nenda ukanunue.

Kama bado zimebaki wiki chache

Ukibahatika kujua kabla, una kazi za kufanya, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba ni aibu kuziacha. Chukua vitu vyako kwanza. Kila fundi viatu, fundi cherehani na fundi redio katika mji huu ana rafu ya vitu ambavyo wenyewe hawakurudi: kiatu kimoja chenye soli mpya, sketi ya shule ya mtoto ambaye sasa ameolewa, redio iliyofungwa karatasi yenye namba ya simu isiyopatikana. Vitu hivyo vinamnyima usingizi fundi anayehama, kwa sababu kuvitupa anaogopa na kuvibeba hawezi. Nenda hata kama unadhani kitu chako kilishauzwa.

Kisha lipa deni, na umuage mtu akiwa bado ndani ya duka lake. Wengi hukwepa hatua hii kwa kutojua la kusema, ingawa maneno yenyewe si mengi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa rafu zenyewe unaziona."

"Nimesikia mnafunga mwisho wa mwezi. Nimekuja kukuaga, na nina deni lako la tangu msiba wa bibi."

"Lile nilishalikata."

"Kwenye daftari umelikata, mzee. Kwangu bado lipo."

Akikataa kupokea, usibishane naye mbele ya wateja wengine. Nunua kitu chenye thamani inayokaribiana na deni bila kuomba apunguze bei. Kuomba punguzo kwa mtu anayefunga kunakera, na kunakera zaidi kwa yule aliyejiita mteja wa miaka yote. Usimuulize pia, akiwa anapanga maboksi, amepata hasara kiasi gani. Akitaka kukueleza atakueleza.

Omba namba yake ya simu na uulize anahamia wapi. Mafundi wengi hawaachi kazi hata wakiacha fremu. Huhamia barazani nyumbani kwao Sombetini au Ngulelo na kuendelea kupokea kazi za wanaowajua, na kinachowakosesha kazi hizo ni kwamba wateja hawakuuliza. Kwa mwenye mgahawa, uliza anavyopika kile chakula ulichokifuata. Wapo watakaocheka na kukataa, na wapo watakaokuelekeza hatua kwa hatua pale pale jikoni, kwa sababu hakuna mshindani tena wa kumficha. Usiandike "chumvi kidogo" kama alivyosema. Mwombe akuonyeshe kwa kijiko.

Kuhusu studio ya picha, fanya haraka kuliko mahali pengine popote. Ulizia mikanda ya familia yako, na ukiwa na uwezo lipia na ya majirani. Mikanda hiyo huharibiwa na unyevu na joto, hushikana ikiwekwa mafungu bila karatasi kati yake, na mwenye nyumba mpya ataichoma pamoja na takataka bila kujua ni nini. Ishike kwa pembeni, usiguse sehemu yenye picha, iweke ndani ya bahasha za karatasi badala ya mifuko ya plastiki, na andika jina juu ya bahasha kabla ya kuweka mkanda ndani ili kalamu isiukandamize. Kuihamishia kwenye kompyuta kunaweza kusubiri. Kuiondoa kwenye jengo hakuwezi. Mpigapicha akiwa na muda, kaa naye utazame naye mikanda hiyo dhidi ya mwanga wa dirisha na uandike majina anayoyataja, kwa kuwa picha isiyo na jina, baada ya miaka ishirini, huwa ni picha ya mtu yeyote.

Hatimaye piga picha ya duka lenyewe, lakini omba ruhusa. Picha ya mbele ya duka peke yake haina faida kubwa. Piga rafu, mizani, ubao wa bei, na mikono ya muuzaji ikifanya kazi.

Baada ya mlango kufungwa

Siku za mwanzo miguu itakupeleka kulekule. Usijilazimishe kubadili njia. Pita, tazama, endelea. Ikiwa kuna desturi iliyokuwa imefungamana na duka hilo, kwa mfano kununua sare za watoto kabla ya shule kufunguliwa au kunywa chai na rafiki kila Jumamosi baada ya soko, amua mapema desturi hiyo itahamia wapi, kwa sababu ikikosa mahali kwa miezi michache hufa yenyewe, na hapo utakuwa umepoteza rafiki kwa kosa la mgahawa. Jambo hili watu hulipuuza kuliko yote. Rafiki zako wa mgahawani huenda hamjapata kupeana namba za simu kwa sababu hamkuzihitaji. Zitafuteni.

Endelea kutumia jina la zamani unapoelekeza njia. Mji huu wote unafanya hivyo: kata nzima inaitwa Unga Limited kwa sababu ya kampuni ya kusaga nafaka, na konda anaita "Philips!" kwa abiria waliozaliwa baada ya kiwanda chenye jina hilo kutoweka, nao wanashuka mahali sahihi. Kwa mgeni, ongeza la sasa: "palipokuwa duka la vitabu, sasa pana wakala". Hiyo inatosha, na haimkoseshi heshima mpangaji mpya.

Kuhusu mpangaji huyo, muungwana hampi pole ya duka ambalo si lake. Kijana aliyefungua duka la vifaa vya simu katika fremu ya mzee wako hakumfukuza mzee. Amelipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, pengine kwa fedha ya kiwanja cha baba yake, na anaogopa. Ingia umsalimie. Usimwambie siku ya kwanza kwamba hapo palikuwa pazuri zamani. Mwambie siku ya tatu, naye atafurahi kusikia, kwa kuwa historia ya mahali ni mali ya biashara yake pia: wateja wa zamani wataendelea kupita hapo kwa mazoea, na anayewajua kwa majina ana nafasi ya kuwabakiza.

Unapomsaidia mzee

Kwa mzee wa miaka sabini, kufungwa kwa kijiwe cha kahawa au cha bao kunaweza kuwa pigo kubwa kuliko watoto wake wanavyodhani, kwa sababu pale ndipo alipokuwa akiitwa kwa cheo chake cha kazini, na ndipo habari za misiba zilipomfikia kabla hazijawa za zamani. Watoto hupenda kumtuliza kwa falsafa: kwamba kila kitu hupita, kwamba hata barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha. Ni kweli kwamba tangu 1912 hadi 2007 mlima ulipoteza takribani asilimia 85 ya eneo la barafu yake, lakini sijaona ambavyo habari hiyo inaweza kumfariji mtu aliyekosa mahali pa kukaa saa nne asubuhi. Ni kumwongezea msiba wa pili.

Mzee anahitaji mambo ya kushikika. Mtafutie wenzake wamehamia wapi. Mara nyingi wapo, wamegawanyika katika vijiwe viwili vidogo. Chunguza kama huko kuna kiti chenye mgongo, choo cha karibu na kivuli, kwa maana hayo ndiyo yanayoamua kama atakwenda mara ya pili. Mlipie bodaboda anayemjua, arudishwe na huyo huyo. Kama kijiwe hakipo tena kabisa, kahawa na bao vinaweza kuhamia nyumbani kwenu siku moja ya wiki, na gharama yake ni sukari, kahawa na uvumilivu wa wenye nyumba. Akianza kusimulia habari za duka la zamani, muulize maswali yenye majibu: nani alikuwa mhasibu, shati liliuzwa shilingi ngapi, jengo lilikuwa na rangi gani. Simulizi ya namna hiyo humrudishia nafasi yake ya kuwa mjuzi, na wajukuu hupata kitu cha kuandika.

Kwa anayefunga

Ukiwa wewe ndiye unayefunga, kukubali kwako kuna sehemu ya moyo na sehemu ya makaratasi, na nakushauri uanze na makaratasi, kwa kuwa yakiachwa yatakusumbua muda mrefu baada ya moyo kupoa. Toa taarifa kwa maandishi kwa Mamlaka ya Mapato kwamba umeacha biashara, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri; asiyefanya hivyo huendelea kukadiriwa kodi, na wapo waliokuja kugundua deni la miaka kadhaa walipotaka kufungua biashara nyingine. Kama uliandikisha jina la biashara, toa taarifa BRELA pia, yaani kwa wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ifahamishe halmashauri kuhusu leseni, shusha bango ili lisiendelee kudaiwa ada, na usome mkataba wa pango kuona unatakiwa kutoa notisi ya muda gani kabla ya kurudisha ufunguo. Pima umeme na maji mkiwa pamoja na mwenye fremu, mwandike namba za mita na tarehe, kisha msaini wote wawili.

Daftari la mikopo linahitaji uamuzi wako mwenyewe, na uamuzi huo uwe mmoja kwa wote. Ama utangaze siku ya mwisho ya kulipa, ama usamehe, lakini usisamehe wengine kimyakimya na kuwafuata wengine majumbani, kwa sababu mtaa utajua. Ukisamehe, wafahamishe wahusika. Deni lililosamehewa bila mdaiwa kuambiwa humfanya akukwepe barabarani kwa miaka, na utakuwa umepoteza fedha pamoja na jirani. Wauzaji wa jumla unaodaiwa nao wapewe taarifa mapema, kabla hawajasikia kwa wengine.

Vitu vya wateja visivyochukuliwa viandike kwenye orodha, piga simu kwa kila namba uliyonayo, na utangaze msikitini au kanisani kwenu kama wanaruhusu. Vinavyobaki vikabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana mtaani, mwenye duka jirani kwa mfano, pamoja na orodha yenyewe. Halafu bandika karatasi mlangoni yenye tarehe ya kufunga, namba yako ya simu, jina la aliyekabidhiwa vitu, na mahali unapopatikana sasa. Iandike kwa herufi kubwa na uibandike upande wa ndani wa kioo, kwa sababu ya nje itachanwa na watoto au italoweshwa na mvua kabla wateja wa vijijini, ambao hushuka mjini mara moja kwa mwezi, hawajaisoma.